Jina la Bauma Ukutani

Papa,

Kaburi lako limeota majani. Mama alipanda maua pembeni, mbuzi wa jirani wakayala, akapanda tena. Sisi wote tuko wazima. Lakini leo nakuletea habari za mupira.

Unaukumbuka ukuta wa salle ya paruasi, ukumbi wa kanisa letu, ule unaotazama uwanja? Komite ya timu yetu ya Kibabi imeupaka rangi, ili yaandikwe majina ya wachezaji watano wasiopaswa kusahaulika. Mimi wakaniita nikae katika nafasi yako, kwa kuwa ulikuwa arbitre wetu, mwamuzi wa mechi zetu, tangu sijazaliwa.

Majina manne yalipita upesi. Bahati alitangulia, na ni haki yake. Hata wewe hukuwahi kuyabishia mabao yake. Lilipofika jina la tano, nikasimama nikasema: "Bauma."

Watu wakacheka. Walipoona sicheki, wakageuka kunitazama.

Unajua tulivyobishana juu ya huyo mtu, Jumapili baada ya Jumapili, foufou ikipoa mezani. Mimi nilisema beki aliyetunyima kombe hawezi kuitwa mkubwa. Wewe ulinirudia yaleyale: "Mutoto yangu, ile mukono mimi sikuiona. Yeye mwenyewe njo aliniambia." Ilikuwa fainali na timu ya Pinga, mwishoni kabisa. Mpira ulimgusa Bauma mkononi karibu na goli letu, wachezaji wa Pinga wakapiga kelele, ukamwendea ukamuuliza. Akakubali mbele ya watu wote. Ukatoa penalti, na kombe likaenda Pinga. Tangu hapo watoto wa Kibabi wanamwita Mukono, naye anaitika.

Kilichonigeuza ni siku tuliyokuzika. Bauma alichimba tangu asubuhi, mvua ikimnyeshea, akakataa kumwachia mtu jembe. Nikamtazama nikasema moyoni: Papa alimjua huyu, mimi nilijua tu kombe.

Basi Papa Justin, prezida wa komite, akaniuliza kwa upole: "Dada, tuandike muntu mwenye alitupotezesha? Wageni hawatatucheka?"

Nikamjibu: "Papa Justin, ungekuwa wewe, ungesema kwamba mpira ulikugusa?"

Aliyejibu ni Bahati, kichwa sasa kimejaa mvi: "Mimi ningenyamaza. Ile kombe nilikuwa naitaka sana."

Tukapiga kura. Nilishindwa, Papa. Nafasi ya tano ilimwendea golikipa.

Kesho yake nilimfuata Bauma shambani, nikamweleza. Aliendelea kupalilia maharagwe yake. "Aksanti, dada," alisema. "Sikujua kama kuko mwenye anaweza kusimama juu yangu, kunitetea." Nikageuka upesi, asinione machozi.

Lakini maneno hupanda pikipiki. Wenye moto, hao waendesha pikipiki, waliyafikisha Pinga, na Pinga wakatuma ujumbe: mleteni. Tulienda mimi, Bauma na Bahati. Njia unaijua. Matope yalitulazimisha kushuka na kusukuma, tukafika tumechafuka kama watu waliotoka kufyatua matofali.

Kando ya uwanja wao kuna kibanda cha mbao wanapoandika wachezaji wao wakubwa. Chini ya majina yao, kwa rangi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, walikuwa wameandika: BAUMA, KIBABI. Kapiteni wao wa siku ile, ambaye sasa anatembelea fimbo, alimshika Bauma bega: "Kombe tulipata sisi. Lakini kila tukisimulia ile mechi, tunaanza na wewe."

Bauma alivua kofia. Alisoma jina lake polepole, akalisoma tena, halafu akakaa chini kwenye majani, hapo hapo, akalia. Bahati akakaa naye. Mimi nilisimama, nikatamani sana ungekuwepo, Papa. Ungesema neno la kutuchekesha.

Kibabi wamegawanyika. Wengine wanaona aibu kwamba Pinga wametutangulia. Wengine wanasema basi wabaki naye. Papa Justin naye, jana alimsalimia Bauma kwa jina lake, si Mukono.

Pumzika, Papa. Mungu, mwenye kukuita, ndiye arbitre asiyehitaji kuuliza mtu. Mimi nakuahidi hivi: kila komite itakapokaa kuongeza jina, nitasimama nimtaje Bauma, hata wanichoke.

Mutoto yako,
Riziki