Mgeni wa Nyota Asiyetikisa Kifinjani

Ibra, Sharqiya,
Oman.
18 Januari 2025

Mpendwa Dada Badria,

Kwa barua hii natangaza rasmi, kwako na kwa watu wote wa Wete, kwamba mimi mdogo wako Ghanim, mwenye kitambi na goti bovu, niliteremka kutoka nyota ya mbali, nikakaa majlisini, sebule ya wageni, kwa kaka yetu Thuwaini kiasi cha nusu saa, kisha nikarudi kwangu kula wali.

Baada ya tangazo hilo, shikamoo. Presha inakwendaje? Na hayo macho umeshayapeleka kwa daktari, au bado unaisingizia mvua? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Baridi imetukamata, na mke wangu Thuraya anasema kwa mashuka ninayojifunga nimekuwa gunia.

Najua umeme wenu ulikatika mchezo wa Wiam ulipoanza kunoga, na najua wifi yako Aliya keshakusimulia. Aliya alikuwa jikoni, hakuona kitu. Ndiyo maana nakuandikia kwa karatasi na kumpa Nadhir, anayekuja huko, akuletee. Ningeandika kwenye simu, wajukuu zako wangeisoma kwa sauti nyumba nzima.

Wamjua Wiam, binti wa Thuwaini. Ameingiwa na mapenzi ya michezo ya televisheni ya zamani, ile ya Ulaya na Amerika ya miaka ya khamsini. Kila wiki hadithi mpya, za nyota, za mashine zenye akili, za siku ya mwisho. Si za kuchekesha watoto, ni za kuwanyima watu wazima usingizi. Na zikichezwa papo hapo, hewani. Aliyesahau maneno, amesahau mbele ya nchi nzima. Basi naye akataka wake uwe hivyo hivyo, urushwe mtandaoni, bila kukata wala kurudia.

Baba yake hakutaka. Alikwisha mwekea nafasi ofisini kwake. Wakakubaliana mchezo mmoja tu: watu wakiucheka, Wiam ataingia ofisini na khabari za nyota ziishe. Mtoto akakonda.

Hadithi yenyewe, kiumbe wa nyota iliyokufa abisha hodi kwa mzee, akaribishwe kahawa, kisha aombe mahala pa kuwaweka watu wake. Kiumbe ni miye. "Ami, uso wako haujui kitu cha dunia hii," Wiam aliniambia, na mwalimu mzima nikafurahi kusifiwa. Mzee alikuwa awe jirani yetu Yaqoob, lakini asubuhi ile sauti ilimkauka kwa mafua. Thuwaini akasema katika majlisi yake mgeni hamiminiwi na mtu mwengine. Akajifunza maneno ya Yaqoob kwa nusu siku, akashika dele la kahawa, uso kama anakwenda kung'olewa jino.

Basi dada, nikanywa kifinjani cha kwanza, nikafungua kinywa. Tupu. Maneno yote yamekimbia. Nikarudisha kifinjani bila kukitikisa, nawe wajua, mgeni asipotikisa mwenyeji hana ruhusa ya kuacha. Akamimina. Nikanywa. Akamimina tena. Kamera zinatutazama, Wiam nyuma ya taa amejiziba mdomo kwa shela.

Mwisho Thuwaini akauzuia mkono wangu. "Mgeni," akasema, "kwetu sisi aliyetosheka hutikisa kifinjani. Wewe hutikisi. Huko kwenu mmekosa nini?"

Maneno yakanirudi yote, nikaomba kwa ajili ya watu wangu mpaka nikalia kweli.

Hakuna aliyecheka. Mpaka leo natumiwa salamu kutoka miji ya Sur na Adam za kusifu kimya changu, ati kilikuwa kiu ya ulimwengu mzima. Nazipokea kwa unyenyekevu. Wiam amesamehewa ofisi, anaandika mchezo wa pili, nami sijaitwa.

Nisalimie Bi Tufool na Hud, na umbusu kila mjukuu asiyejua kusoma.

Sasa ukweli, na ubaki kwako. Wiam anadhani baba yake alipotewa na maneno akalibahatisha lile swali. Hakupotewa. Alinitazama machoni akajua nimekwisha. Angeliweka dele chini akanyamaza, tungechekwa, na binti angekuwa ofisini Jumapili wiki ya kazi ikianza, kama Thuwaini mwenyewe alivyotaka. Nilimwuliza kwa nini, tulipokuwa tukikusanya vifinjani. Akavipanga kwanza.

"Wiam alikuwa ananitazama," akasema. "Mimi, si wewe."

Mungu akuweke, dada, uje uone wa pili umeme ukiwapo.

Mdogo wako akupendaye, wa duniani sasa,
Ghanim