Baba Akikohoa

Nairobi, 9 Agosti 1978

Kwa nyanya yangu, Susu Kalondu,

Mwambie Baba akusomee polepole, maana habari ni tamu. Ndengu ulizonitumia kutoka Migwani zilifika, nikazila zote bila kumgawia mtu. Ijumaa ijayo nitapiga fidla peke yangu mbele, na wapiga vyombo arobaini nyuma yangu! Juzi mazoezini nilijisahau nikaanza kupiga mguu chini kama niko kanisani kwetu, kiongozi akasimamisha kila mtu. Sasa nafanya mazoezi bila viatu. Usicheke.

Tangu niache chuo cha ualimu kwa sababu ya fidla, Baba hajajibu barua yangu hata moja. Lakini ninazokuandikia wewe anakusomea zote. Namjua: mahali pakimchoma, anakohoa halafu anaruka mstari. Akikohoa, Susu, mwambie arudi nyuma.

Tiketi iko ndani ya bahasha. Vaa ile leso ya Krismasi. Huku watu hawapigi makofi mpaka muziki uishe kabisa, lakini wewe piga vigelegele wakati wowote ukipenda.

Mjukuu wako asiyeshiba ndengu,
Mbinya

Baba, usikohoe. Tiketi ni mbili.