Kwa Nini Babu Yako Aliacha Kukunja Nondo

Mjukuu wangu Salma,

Assalaam alaikum. Huku Naliendele hatujambo, na mama yako ameanza kuokota korosho.

Umeniuliza kama ni kweli babu yako alifukuzwa bandari ya Mtwara ilipokuwa ikijengwa. Kazi yake na wenzake ilikuwa kukunja nondo bila moto, ziwe kulabu za kunyanyulia mizigo. Yeye, mtoto wa mhunzi, alizoea kusema, "Chuma kisichopita motoni sikiamini." Kwa hiyo kulabu moja ilipokatika na mifuko ya saruji ikaanguka karibu na watu, wenzake walimgeukia. Walisema ameigonga nyundo makusudi ili ikatike. Nilikuwa nimempelekea uji, nikayasikia.

Msimamizi akakagua, akaona nondo ile ilikunjwa kwenye kigingi chembamba mno, ikapata ufa kwenye kona. Akaweka kinene, wakakunja nyingine, wakaining'inizia mzigo. Ikashika.

"Haya, Bakari, rudi kazini," akasema.

Babu yako akaokota nyundo. Wote wakaitazama mikono yake, kama bado wanamshuku. Akaiweka nyundo chini.

"Mama Hadija," akaniambia, "twende nyumbani."

Anayekuambia alifukuzwa, mjibu kwamba bibi yako alikuwepo.

Nakuombea heri,
Bibi yako