Punje Mbili Ambazo Sikuzitafuna

Dada Koku,

Nisalimie wote hapo Rubya. Huku Bukoba mvua inanyesha tangu asubuhi, nami nina hasira.

Ile koili ya waya niliyowasukia watafiti imejaribiwa leo. Kazi yake ni kutoa sumaku, ili kijiti cha aloi, yaani metali zilizochanganywa, kirefuke na kufungua vali ya maji. Hakikurefuka. Injinia wao akanigeukia mbele ya watu sita: "Fundi, waya wetu mwingine umebaki kwako?" Wakacheka.

Niliifumua koili yote pale pale, nao wakihesabu: mizunguko 640, kama alivyoagiza. Ndipo nikaomba karatasi yake. Kumbe alipiga hesabu ya uga wa sumaku kana kwamba kijiti hakipo! Kijiti nacho kikishika sumaku huupinga uga huo, na ndani yake zinabaki theluthi mbili tu. Nikamwandikia pembeni: mizunguko 960.

Unadhani aliomba radhi? Baada ya chakula aliniita kwenye korido, akanipa punje mbili za kahawa nitafune, kama Mhaya mwema anavyomkaribisha mgeni. Anitukane hadharani, anipoze mafichoni!

Sikutafuna. Nimezifunga kwenye leso uliyonipa. Siku atakayosema mbele ya wale wale sita kwamba fundi hakuiba, nitazitafuna hapo hapo akiniangalia.

Wewe kula vizuri, dada, na huo mguu usiupuuze.

Mdogo wako,
Mutalemwa