Taa ya Mlango wa Mama

Mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu, pamoja na za shemeji yako, ambaye amenisisitiza nikuambie kuwa goti lake limepona na sasa anatembea kwa maringo. Natumaini wewe na wifi yangu hamjambo, na kwamba kikohozi cha mtoto kimetulia. Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na analala vizuri, na habari zake hasa ndizo zilizonifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu huwa unanikatiza kabla sijafika popote. Hapa huwezi. Kaa vizuri.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya anapojaribu kuchonga bodi ya saketi kwa mashine ndogo ya mezani ni kulaumu kisu. Najua unajiuliza dada yako, mwalimu mstaafu wa fizikia, na visu vya mashine wamekutana wapi. Nitakueleza, na utaona kwamba wewe ndiye uliyeanzisha yote haya.

Unakumbuka ulivyoondoka hapa mara ya mwisho. Uligonga mlango wa Mama mpaka fundi cherehani wa mkabala akatoka na futi shingoni kukuuliza kama umetumwa kubomoa jengo. Ukapanda hadi kwangu ghorofa ya tatu, ukalibwaga furushi la matunda mezani, ukasema ama masikio ya Mama yamekufa ama amekuchoka wewe, na kwamba hutasimama tena mbele ya mlango ule mpaka ujue ni lipi kati ya hayo mawili. Tangu siku hiyo hujaja. Mama anauliza habari zako, nami namjibu kwamba una kazi nyingi.

Mimi nina ufunguo wangu, kwa hiyo sijawahi kusubiri mlangoni pake. Niliamini ni masikio. Majirani nao walikuwa wameanza kulalamika kwamba mama yetu amekuwa na majivuno, watu wanagonga, yeye yuko ndani na redio inasikika. Nikamshauri apate kifaa cha kusaidia kusikia. Akaniambia hatatia mende sikioni kwa hiari yake. Basi nikawaza: kama sikio limekataa, tulitumie jicho.

Nilichotaka ni kitu chepesi. Wageni wa Mama hawabonyezi kengele, wanagonga. Kwa hiyo kisahani kidogo cha kuhisi mtikisiko kigundishwe nyuma ya mlango, na mtu akigonga, taa ya bluu kwenye rafu iliyo mbele ya kiti chake iwake na kubaki ikiwaka kama nusu dakika. Kati ya kisahani na taa panahitajika chipu yenye miguu minane na vijipande vingine vichache, na vyote lazima viwe na pa kukaa. Hapo ndipo bodi inapoingia. Ni kipande kigumu cha nyuzi za kioo kilichovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Watu hudhani mashine inachora njia za umeme juu yake. Haichori chochote. Inachimba mifereji kuzunguka kila njia, na shaba inayobaki imesimama kati ya mifereji ndiyo njia yenyewe. Nilifundisha umeme miaka yote ile na sikuwahi kuutazama hivyo, kama kitu kinachopatikana kwa kuondoa.

Mtaa wa pili kuna fundi anayechonga vibao vya majina na mihuri ya ofisi. Watu wote wanamwita Kibao, na nadhani hata mkewe. Mashine yake haizidi ukubwa wa cherehani, aliiunganisha mwenyewe kutoka kwenye boksi lililokuja na skrubu pungufu, na anaisema mbele za watu kama mzazi anavyomsema mtoto mtundu huku anampenda. Nilipomweleza ninachotaka alikuna kichwa. "Mwalimu," akasema, "mimi nachonga majina ya watu. Umeme sijawahi kuuchonga. Lakini ukikubali tuharibu pamoja, mimi nipo."

Tukaharibu pamoja. Bodi ya kwanza ilitoka upande mmoja mifereji imezama kama shimo la msingi wa nyumba, na upande wa pili kisu kimepita juujuu bila hata kuikwaruza shaba. Kibao akatangaza kwamba kisu kimekwisha. Akafunga kipya. Matokeo yakawa yaleyale. Akafunga cha tatu, kikavunjika ncha, naye akaanza kumtukana muuzaji, kisha kiwanda, kisha meli iliyoleta mzigo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda na barakoa usoni, maana vumbi la nyuzi za kioo si la kuvuta, nikitazama ile bodi iliyoharibika. Iliharibika kwa mpangilio mno. Kisu kibovu hakichagui upande.

Nikamuuliza anapimaje. Akanionyesha kwa fahari: anateremsha kisu kwenye kona ya kushoto, ametanguliza kipande cha karatasi nyembamba chini yake, na karatasi ikianza kukwama, hapo ndipo sifuri, yaani pa kuanzia kuhesabu kina. Nikamuuliza, na kona nyingine je? Akacheka. "Mwalimu, bodi ni moja. Kwani kona nyingine iko nchi gani?"

Hapo ndugu yangu nikajisikia kama nimerudi darasani. Nilimwomba nyaya mbili, moja nikaibana kwenye kisu na nyingine kwenye shaba, zote zikaingia kwenye kompyuta inayoiendesha mashine. Kisu kinashuka polepole bila kuzunguka. Kikigusa shaba tu, umeme unapita, na mashine inajua papo hapo imefika. Kinanyanyuka, kinasogea kidogo, kinashuka tena. Kinagusagusa bodi nzima hivyo, kama kuku anayedonoa punje, na kompyuta inachora ramani. Tulipoiona ramani hiyo Kibao alikiokota kile kisu cha kwanza, akakifuta na kukirudisha kwenye boksi lake. Kile kipande tulichodhani kimelala kama maji ya beseni kilikuwa na mlima upande wa dirishani na bonde kuelekea mlangoni. Tofauti yake haizidi unene wa nywele tatu, lakini ngozi ya shaba yenyewe haifikii hata unene wa unywele mmoja. Kwenye vibao vya majina hakuna anayeiona tofauti hiyo. Kwenye saketi ndiyo kila kitu. Tangu hapo mashine ikawa inapanda na kushuka kwa kuifuata ramani, na mifereji ikatoka sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipiga makofi peke yangu.

Usidhani tulimaliza. Bodi iliyofuata ilikuwa safi, nikaipeleka nyumbani, nikaipanga chipu, na kila mguu ukaangukia njia isiyo yake. Nilikaa nayo meza ya chakula asubuhi nzima. Sababu yake ilinichekesha nilipoigundua. Mchoro wa saketi huchorwa kama unavyoonekana kutoka upande wa juu, unakokaa chipu, lakini shaba iko upande wa chini, kwa hiyo kabla ya kuchonga lazima uugeuze, kushoto kuwe kulia. Mimi niliugeuza. Sasa Kibao ni mchonga mihuri, na kila muhuri huchongwa kinyume ili usome sawa kwenye karatasi. Alipouona mchoro wangu, mkono wake wa mazoea ukaugeuza tena. Kila mmoja alimfikiria mwenzake, na hakuna aliyesema. Shemeji yako aliitazama bodi akasema imemfaa kabisa mtu anayeishi ndani ya kioo.

Bodi ya mwisho ilitoka salama, ndogo kama kadi ya kuchezea. Niliilehemu mwenyewe kwa miwani miwili niliyoivaa mmoja juu ya mwingine. Nilipogonga meza kwa kidole, taa ikawaka bluu, ikakaa, ikazimika yenyewe. Nilirudia mpaka shemeji yako akaniuliza kama nataka kuitoboa meza.

Tuliifunga kwa Mama Jumamosi moja, wiki mbili zilizopita. Nikakaa naye ndani, nikamtuma shemeji yako atoke na agonge kama mgeni. Sasa hapa, mdogo wangu, soma taratibu.

Aligonga. Na Mama, kabla taa haijawaka vizuri, akageuza kichwa kuelekea mlangoni. Alisikia. Alisikia kama mimi nilivyosikia. Taa ikawaka, akaitazama, akasema ni nzuri, inafanana na moto wa jiko la gesi. Nikamwambia, haya Mama, nenda ukafungue. Hakuinuka. Alishika mikono ya kiti chake, akaniomba nifungue mimi.

Nikafungua. Shemeji yako akaingia anachechemea kwa mzaha, na Mama akampokea kwa uchangamfu wote: karibu mwanangu, nyumbani hawajambo, kazi inaendeleaje. Wakaongea. Shemeji yako alipokwenda jikoni kuchukua maji, Mama akanivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini yule bwana ni nani.

Ni mkwewe, Kitinda. Ni mtu aliyembeba mgongoni siku lifti ilipokwama.

Nilimuuliza tu, kama ambavyo ningemuuliza mwanafunzi, imeanza lini. Nadhani alikuwa amechoka kuficha, maana alinieleza yote bila kulia. Alisema milango yote anaisikia. Anachokiogopa ni kufungua na kukuta uso unaomtazama kwa mapenzi, uso unaosubiri aujue, naye haujui. Kwa hiyo ana maswali yake anayoyatumia: nyumbani hawajambo, kazi inaendeleaje, safari ilikuwaje. Alisema maswali hayo yanamfaa kila mtu, kuanzia mkwe hadi msoma mita. Anauliza, kisha anasubiri neno litakalomwonyesha anaongea na nani. Mimi ananijua kwa sababu ya ufunguo, na kwa sababu huwa nasema "Mama, ni binti yako" tangu nikiwa koridoni.

Kisha akaniambia kuhusu wewe. Ile ziara yako ya kabla hujanuna, ambayo baada yake ulirudi kwangu ukijisifu kwamba Mama kakuuliza habari za kazi yako mara tatu, kakuita mwanangu jioni nzima, na kakumiminia chai mpaka ukashindwa: hakujua ni nani. Alikaa na mtu mzima mwenye mvi ndevuni, mpole, mwenye sauti anayoipenda, akisubiri neno ambalo halikuja. Ulipoaga ukambusu kwenye kipaji cha uso, alibaki anajiuliza ni mtoto wa nani aliyelelewa vizuri hivyo. Na siku uliyogonga mpaka fundi cherehani akatoka, alikuchungulia kwenye pazia. Aliona ni yule yule bwana, na safari hii amekasirika. Akarudi kitini akaongeza sauti ya redio, kwa aibu. Si kwa kukuchoka.

Nilimuuliza taratibu kama anamkumbuka Kitinda. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akanisimulia jinsi ulivyojifungia kabatini na paka, jinsi ulivyokataa kwenda shule bila kofia yako ya sufu, jinsi ulivyokuwa ukilala na kidole chako kwenye tundu la sikio lake. Alisema hayo kwa nusu saa. Hajakupoteza. Ana mtoto mdogo kamili ambaye haoni njia ya kumfikisha kwenye uso wako wa leo.

Daktari tumeshamwona. Alisema ni ugonjwa wa kusahau, una dawa za kuupunguzia kasi lakini hauna za kuurudisha nyuma. Alitukataza jambo moja kwa ukali, nalo ni kumfanyia mtihani, yale mambo ya kusimama mbele yake na kumuuliza unanijua mimi ni nani. Kila anayekuja ajitaje mwenyewe kwanza, kwa jina na kwa uhusiano wake naye, hata kama alikuwa hapo asubuhi. Shemeji yako ameshajizoesha. Kila akiingia anatangaza, "Mama, ni mkweo, yule mwenye kula sana," na Mama anamwambia akome, hilo hahitaji kukumbushwa. Jumatatu Mama alimfungulia mlango mwenyewe, baada ya kumsikia akijitaja kwa nje.

Sijui kama nimekueleza vizuri. Najua utaumia, na najua utataka kunipigia mimi kwanza ili ubishane. Usifanye hivyo. Wifi yangu umpe salamu nyingi, mtoto umbusu, na shemeji yako anasema lile furushi la matunda alilila yeye na wala hajutii.

Simu iko kando ya kiti cha Mama, na huipokea, kwa kuwa simuni hakuna uso wa kukisia. Mpigie leo, na kabla hata ya shikamoo mwambie: Mama, ni mimi Kitinda, mwanao wa mwisho.

Dada yako mkubwa