Programu Niliyoichagua kwa Ajili ya Mwalimu Njiru

Jumapili jioni, Majimbo, Embu. Manyunyu hayajakatika tangu nirudi kutoka Kiritiri. Huko chini nimeacha jua linachoma, huku juu ni baridi ya Julai ya kuvaa sweta mbili. Vidole vyangu vimekufa ganzi lakini moyo una joto, na sitadanganya hapa: ni joto la mtu aliyelipiza kisasi.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza, mama yangu Ciarunji alitunga nyimbo za kwaya ya kanisa letu Kiritiri kwa zaidi ya miaka ishirini. Noti za muziki hakuzijua. Alitunga akiwa shambani, halafu jioni anawaita wanakwaya jikoni kwetu, anawafundisha, na redio ya kaseti iko kwenye kigoda inarekodi. Alipofariki alituachia katoni mbili za kaseti. Nilizihamishia kwenye laptopu moja baada ya nyingine, kwa waya, huku nimezima spika.

Sikuwa tayari kuisikia sauti yake.

Mwaka jana Mwalimu Njiru, ambaye sasa ndiye anaongoza kwaya, aliniomba nakala kwenye flashi. "Tusije tukazisahau," aliniambia. Nikampa zote. Mwezi wa nne nikiwa saluni, nikasikia wimbo wa mama redioni. Mtangazaji akasema umetungwa na Mwalimu Njiru, na kwamba albamu yake inakuja.

Nilimfuata baada ya ibada. Nilimuuliza kwa heshima, maana alinifundisha darasa la tano na bado nikimwona najipata nimesimama wima. Alinishika bega akasema, "Wawira, nyimbo za Mungu hazina mwenyewe."

Kwenye jalada la albamu zina mwenyewe. Picha yake, suti ya bluu, jina lake kwa herufi za dhahabu.

Nikanyamaza. Watu walidhani nimesamehe, na nafikiri hata yeye alidhani hivyo, kwa sababu wiki mbili zilizopita alinipigia simu. Mimi ndiye huendesha laptopu na projekta kanisani, kwa hivyo alitaka nimchezee nyimbo siku ya uzinduzi. Nikamwambia, "Bila shaka, mwalimu."

Siku hiyohiyo nikaanza kutafuta programu ya kuchezea muziki.

Mtu anaweza kucheka. Kwani programu si programu? Lakini mimi nilikuwa natafuta kitu mahususi. Nilitaka ukutani, mbele ya kanisa zima, lionekane jina la mtunzi. Siyo jina la wimbo peke yake. Mtunzi. Tena nilitaka kila kaseti ichezwe ilivyo, na kikohozi cha mama, na mbuzi wanaolia nje, kama ninavyovikumbuka kutoka jikoni kwetu.

Ya kwanza niliyoijaribu ilikuwa nzuri sana kutazama. Niliielekeza kwenye folda za mama, nikaenda kuweka chai. Niliporudi ilikuwa imeingia kwenye mtandao yenyewe na "kurekebisha" faili zangu. Wimbo wa mama wa mavuno ulikuwa umepewa jina la kizungu na picha ya mwanaume mwenye gitaa. Nilikaa na kikombe mkononi nikiitazama ile picha. Kuibiwa mara mbili, na mara ya pili mlango nimeufungua mwenyewe. Niliifuta. Bahati nzuri faili za asili nilikuwa nimeziweka pia kwenye diski ya nje.

Ya pili ilikuwa nyepesi na haikutaka mtandao. Karibu niichague. Lakini, spika zikiwa bado zimezimwa, niliona saa ya kila wimbo inaanzia sekunde za mbele, kana kwamba mtu ameusukuma kutoka nyuma. Nilipochunguza nikakuta ina tabia ya kuruka mwanzo na mwisho wa faili kama sauti ni ndogo, na mahali pa kuonyesha mtunzi haina kabisa.

Ya tatu sura yake ni kama fomu ya ofisini, rangi ya kijivu, hakuna pambo. Mimi ni karani wa shule, fomu hazinitishi. Unaichagulia mwenyewe safu za kuonyesha: mtunzi, mwaka, mahali, maelezo. Unakuza herufi unavyotaka. Haigusi faili wala haimwulizi mtu yeyote kule nje. Niliandika majina ya nyimbo zote kwa mkono, nikiyanakili kutoka kwenye vibandiko vya kaseti, wiki nzima nikitoka kazini, na kwenye safu ya mtunzi nikaandika Ciarunji, Ciarunji, Ciarunji.

Halafu Alhamisi nikabonyeza ule wimbo wa redioni, spika zikiwa wazi.

Kabla ya wimbo, mama akaongea. Kimbeere chake kile cha haraka. "Huu nimeutunga juzi nikipalilia ndengu. Njiru, wewe ngoja sauti ya tatu ndiyo uingie, na usikimbie kama juzi." Nililia, kisha nikacheka vibaya. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi ulikuwa na ulimi.

Wimbo ukaisha. Nikauacha uendelee. Mama akakohoa kidogo, akaongea tena.

Nitafika hapo.

Leo kanisa lilijaa. Wageni walitoka hadi Meru. Mwalimu Njiru alikuwa na suti ileile ya jaladani. Akashika kipaza sauti, akaeleza jinsi wimbo huu ulivyomjia akiwa katika maombi, akanigeukia, akainua mkono. Flashi aliyonipa yenye nyimbo za albamu yake ilikuwa mfukoni mwangu. Nikabonyeza kaseti ya mama.

Ukutani: Mtunzi, Ciarunji. Mahali, jikoni kwetu. Herufi kubwa kuliko za matangazo ya harusi.

Kisha ile sauti, ndengu na yote. Aliposema "usikimbie kama juzi", wazee wa safu za mbele wakacheka kabla hawajajizuia. Wanawake wa sauti ya pili, wale waliobaki, wakasimama bila kuambiwa wakaimba pamoja na kaseti. Njiru alibaki na kipaza sauti kifuani. Nilimtazama muda wote. Nilitaka kuona, na niliona: alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

Wimbo ulipoisha mama akakohoa, akaita, "Njiru." Nikasimamisha.

Akajaribu kujitetea. "Nyimbo ni za Mungu," alisema, lakini sauti haikutoka vizuri.

Nyanya Igoki, aliyeimba na mama tangu mwanzo, hakuhitaji kipaza sauti. "Mungu alimpa Ciarunji. Wewe ulipewa na nani?"

Mchungaji akatazama viatu vyake. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na jibu la swali la Nyanya Igoki lilikuwa palepale kwenye kaseti, sekunde chache mbele. Kwa sababu mama, baada ya kukohoa, anasema hivi: "Njiru, nikienda, hizi nyimbo nakuachia wewe. Wawira wangu hana sauti. Usiziache zife."

Sikubonyeza.

Najua anachostahili na asichostahili. Alipewa kuziimba, hakupewa kuzitunga. Lakini kama watu wangesikia yale maneno, wangemhurumia, na mimi leo sikuwa nimeenda Kiritiri kutafuta huruma ya mtu. Na kuna jambo lingine, ambalo ni gumu kuliandika. Alimwachia yeye. Mimi ndiye niliyempeleka mama hospitali, niliyemkata kucha, na hapo kwenye kaseti natajwa kwa kukosa sauti.

Uzinduzi ulikatika. Mchungaji aliomba sala fupi, wageni wakapewa chakula, watu wakawa wanakuja kunishika mkono kama kwenye matanga. Njiru alitoka kwa mlango wa nyuma.

Amenipigia nilipofika nyumbani, kabla sijavua viatu. Nilitarajia matusi. Nilikuwa nimeyatayarishia majibu.

"Wawira," alisema, "pale mwisho nilisikia kama Ciarunji ameniita. Alisema nini?"

"Hakuna kitu, mwalimu. Kaseti inaishia hapo."

"Sawa," akasema. "Ile flashi uliyonipa iliharibika kabla sijaisikiliza, nikaimba kwa kukumbuka tu. Nilikuwa nimesahau sauti yake. Asante kwa kuicheza."

Asante. Baada ya yote hayo.

Tangu hapo nimekaa hapa na ile programu ya kijivu wazi, wimbo umesimama palepale nilipousimamisha. Sijutii. Nimejiuliza mara tatu na mara tatu jibu ni hilo, ingawa ya tatu nilichelewa kidogo kujibu.

Uamuzi wangu ni huu, na nauandika ili nisije nikaukana. Siku atakayochapisha jalada jipya lenye jina la Ciarunji, nitaenda mwenyewe hadi kwake, nimkalishe chini, nimchezee kaseti yote hadi mwisho. Asipochapisha, yale maneno nitazeeka nayo peke yangu.