Spana ya Kumi

Jumapili, 9 Machi

Baba, shikamoo.

Spana ya kumi, ile ya milimita kumi, imepotea tangu Jumamosi, tarehe mosi, kati ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi. Ubao wetu wa vifaa una nafasi sitini na nne, kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi nyekundu. Sasa viko sitini na tatu, na umbo moja tupu linanikodolea macho. Saa hizo ndizo familia zilipotembelea banda la ndege. Wageni mlikuwa kumi na tisa. Kumi na wanane walisimama nyuma ya kamba. Wa kumi na tisa ni wewe.

Sikushutumu. Nauliza, maana hapa kikosini spana isiyojulikana iliko ni ndege isiyoruka. Siku nane sasa ndege mbili zimelala, na mafundi kumi na wawili tunapekua hadi mitaro. Magoti yanaendeleaje? Na simu mbona umezima? Barua nampa dereva wa lori la maji. Usimrudishe mikono mitupu.

Binti yako.

Jumatano, 12 Machi

Mwanangu, marahaba.

Magoti yapo, yananikumbusha ngazi za ile ndege. Gereji, rediata ya basi la shule imenitoa jasho. Mwenyewe anataka miujiza. Yule rubani mrefu mnayemwita Twiga, msalimie sana. Kuniketisha kwenye kiti chake, mzee mzima!

Hiyo spana, yaani jeshi zima mnalia kwa spana moja? Nikutumie? Ninazo tano. Kula vizuri, nilikuona umekonda.

Baba yako.

Alhamisi, 13 Machi

Baba, shikamoo.

Nimekula. Sikuomba spana, niliuliza swali. Yetu imechongwa namba 31 kwenye mpini, kwa hiyo hizo tano zako baki nazo.

Mkuu wa karakana amechoka. Anataka tuandike kwamba imepotelea nje ya banda, ili Alhamisi ijayo, tarehe 20, ndege ya Twiga iruke. Saini ya kuiruhusu ni yangu. Baba, uligusa nini?

Binti yako.

Jumapili, 16 Machi

Mwanangu, marahaba. Usinifokee kijeshi, mimi si kuruta wako.

Haya. Ulipokwenda getini kumpokea shangazi yako, niliona boliti chini ya bawa zimelegea, kifuniko kinacheza. Boliti iliyolegea mimi siwezi kuipita, ni kama kumpita mtoto analia. Nikachukua spana juu ya kigari chako cha vifaa, nikazikaza zote nne. Ndipo Twiga akaniita nipande. Basi.

Nilinyamaza wasije wakakufukuza kwa kuniacha nivuke kamba. Sasa nimesema, yaishe.

Baba yako.

Jumatatu, 17 Machi

Baba, shikamoo.

Boliti hizo nne nilizilegeza mimi. Nilikuwa nafungua kifuniko nikague ndani. Ulinifungia kazi yangu, nami niliporudi nikadhani mwenzangu amemaliza. Huo ni uzembe wangu na leo nimeuandika kwenye ripoti, pamoja na habari ya kamba. Kwa hiyo huna tena cha kunikingia.

Leo nimekifungua. Spana haipo pale. Lakini kando ya kifuniko kuna tundu lililo wazi, la upana wa ngumi, mtu anaweza kuegesha spana humo, nalo linaingia hadi kwenye nyaya za usukani. Spana ikikwama mle, Twiga atageuza na ndege itakataa kugeuka. Kuona mle ni kuvua bawa zima: mafundi wanne, siku tatu. Mkuu anasema havui bawa kwa kubahatisha. Mimi nikikataa kusaini, atasaini mwingine.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili ulinifanya nifungue injini nzima ya lori kutafuta soketi moja ya kufungulia boliti. Ilikuwa mfukoni mwangu. Hukunicheka. Ulisema tu, “Sasa tunajua.”

Nami nataka kujua. Keshokutwa, Jumatano, nitakaa kando ya simu ya getini kuanzia saa nne. Saa sita kamili naingia kwa mkuu. Usinieleze rediata wala magoti. Ulipopanda ngazi, nimemuuliza Twiga, mikono yako yote miwili ilishika vyuma vya ngazi. Spana ulikuwa umeiweka wapi: mfukoni, au ndani ya bawa?

Binti yako.